Watu Wanne kwa Lugha ya Marehemu

Jumatatu moja ya mwaka 1967, Nasriya alikuwa akichagua mchele nyumbani kwake Maskati, sikio moja kwa watoto waliokuwa wakigombana, marehemu mmoja akaingia jikoni akaomba kahawa. Alikuwa bibi mfupi wa mto wa mbali huko Amerika ya Kusini, mtu wa mwisho wa lugha yake. Alipokufa, ilikufa naye. Kiswahili alijifunza huko aliko, kwa wafu wa Unguja. Walifika wengi kwa mpigo, alisema, tena waongeaji.

Nasriya hakuwa na nafasi ya wageni. Mumewe Marhoon alikuwa akiwangoja Kuwait, meli ni Alhamisi, na ruhusa ya safari ilitaja watoto watatu. Kosa lake mwenyewe. Karani wa ofisi ya ruhusa alipouliza idadi, alipunguza mmoja, kama kina mama wa kwao wafanyavyo, jicho baya lisiwapate. Aliyepunguzwa ni Muhsina, kitinda mimba. Huko Unguja walikotoka aliwahi kutaja idadi kamili ya wanawe mbele za watu. Wiki haikwisha akazika mmoja. Harudii tena.

"Basi wahesabu kwa lugha yangu," alisema bibi. "Jicho haliijui."

Hesabu yao ilikuwa ya mwili. Tano ni mkono. Kumi, mikono miwili. Ukimaliza na vidole vya miguu, ishirini, unasema mtu.

Jumanne asubuhi wakaenda ofisini kwa karani wote sita. Nasriya alishika vidole vya watoto kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti, bibi akimsahihisha. Muhsina alicheka kwa kutekenywa. Akafika themanini, ambayo kwa lugha ile ni watu wanne.

Karani, Bwana Ghanim, alisikiliza mpaka mwisho.

"Nawaona, Bi Nasriya. Lakini lugha hiyo haina wenyewe."

"Mwenyewe huyu hapa."

"Huyu marehemu. Hana karatasi."

"Na mwanangu?"

"Naye hana."

Akamwagizia bibi kahawa.

Meli iliondoka bila wao. Nasriya alirudi Jumamosi, na kila Jumamosi, watoto wamekwisha kuoshwa miguu. Ilipofika Ramadhani, Bwana Ghanim alikuwa akihesabu pamoja nao, kwa matamshi ambayo bibi aliyasifu kuliko ya Nasriya. Wakifika kwenye watu wanne, yeye huitikia kwa kichwa, huchovya kalamu, akaandika watatu.