Siku Ardis Alipokatwa Shati

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Ardis Knutzen alikuwa mgeni katika kambi ya kuwinda ya mashemeji zake miaka nenda miaka rudi, na jembe hakupewa. Si kwamba alikosa kazi. Alipika, akasugua masufuria, akawaanikia wanaume soksi zao juu ya jiko la kuni. Ila kuwinda, ah, hiyo ilikuwa shughuli ya wenyewe.

Mwaka huu akasema basi. Alijinunulia upinde wake mwenyewe, na kiangazi kizima akafanya mazoezi kwenye dirisha la juu la ghala la majani, akilenga gunia lililokuwa chini uani huku ng'ombe wake wakimtazama na kucheua. Kambi ilipofunguliwa akautundika upinde ule ukutani, pamoja na pinde za wanaume. Harlan, kaka wa mumewe na mkubwa wa kambi, aliutazama upinde, akamtazama mwenyewe, kisha akatabasamu kama anayemtazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

“Safi sana, shemeji! Yaani umejitahidi!”

Ikawa kila kitu ni umejitahidi. Kapanda ngazi ya dungu la kuvizia mtini bila kuteleza, umejitahidi. Kafunga mkanda wa usalama kwenye shina la mti, umejitahidi. Jamani, kumvika mtu kilemba cha ukoka nako kuna mwisho! Ardis hakutaka sifa. Alitaka kuhesabiwa mwindaji kama wao, na akamwambia mumewe Delmar bila kupepesa macho kwamba msimu huu ukiisha naye bado ni mgeni, hatakanyaga tena kambini, wajipikie wenyewe. Delmar alimjua mkewe, hakuwa mtu wa utani katika mambo kama hayo.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, Ardis alikuwa juu ya mwaloni, kwenye dungu la chuma lisilozidi upana wa meza ndogo, mgongo kwenye shina. Baridi ya kaskazini ya Wisconsin, huko Marekani, haipigi hodi. Iliingia kwenye glavu, ikaingia kwenye buti, ikakaa. Naye hakutikisika.

Dume la kulungu likatokea kwenye misonobari. Dume hasa! Shingo nene, pembe zimetanda, pua chini linafuata harufu ya jike, halina habari na dunia. Ardis alisimama polepole. Moyo ulimpiga hadi akaogopa utasikika huko chini. Akavuta. Bega lake lilikuwa limebeba ndoo za maziwa tangu utotoni, na upote wa upinde ukaja laini mpaka kwenye kona ya mdomo.

Lakini dume halikusimama, lilikuwa likitembea tu. Hapo mwindaji hutoa kasauti kadogo mdomoni, “meh,” mnyama asimame kusikiliza, mshale uende. Delmar alikuwa amemfundisha, na Ardis alikuwa amekariri. Akafungua mdomo. Mazoea nayo yana taabu! Mtu aliyeita ng'ombe alfajiri na jioni maisha yake yote, unategemea atoe sauti gani?

“Njooo, mama! Njooo!”

Msitu mzima ulisikia. Dume likasimama, ndiyo, lakini limekaza kila msuli. Mshale ulipoachiwa tu likanywea chini, ukapita juu ya mgongo na kujichomeka ardhini. Likaondoka mbio na mkia wake mweupe juu, likimwachia Ardis miti mitupu.

Aliteremka, akauchomoa mshale. Haukuwa na damu wala unyoya wa mnyama, ulikuwa safi kama ulivyotoka dukani. Hakuna aliyeona. Angeweza kuurudisha podoni na kufunga mdomo, na wazo hilo lilimjia, hata akalitukana kwa sauti. Mwindaji akikosa husema.

Mchana wanaume walikuwa mezani, wanakata soseji na jibini: Harlan, Delmar, na Wendell, mwana wa Harlan, kijana mwenye ndevu na mdomo usiotulia. Ardis aliuweka mshale katikati ya meza.

“Nimekosa.”

Akawasimulia yote, hata ule wito wa ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Wakatazamana, kisha wakautazama ukuta.

Katika kambi ile, anayekosa hukatwa shati. Pindo la nyuma, lile linaloingia ndani ya suruali, hukatwa kwa mkasi mbele ya wote, likaandikwa jina na mwaka, likapigiliwa ukutani. Kulikuwa na vipande vya marehemu baba mkwe vilivyopauka kabisa. Vya Harlan ndivyo vilivyokuwa vingi kuliko vyote, na alivijivunia kuliko pembe.

Mkasi ulikuwa msumarini, na hakuna aliyeugusa.

“Aa, shemeji, wewe tena!” Harlan alisema kwa upole. “Mara yako ya kwanza hii. Umejitahidi. Tumekusamehe.”

“Kaa ule, mama mdogo,” Wendell akadakia.

Ardis hakukaa.

“Mnisamehe nini? Nimemwibia nani? Wewe Wendell, mwaka jana ulipokosa ulisamehewa? Si ulikatwa shati jipya alilokupa mchumba wako, na wewe unalia lia? Na nani aliyelitia kiraka? Mashati yote hayo ukutani, migongo yake nimeishona mimi! Leo mgongo wangu ndio hauna hadhi ya mkasi?”

Akalichomoa shati kwenye suruali, akawageuzia mgongo.

“Nimekosa kama mnavyokosa nyinyi. Nikateni!”

“Kaka, mkate,” Delmar akamsihi. “Mimi ndiye ninayerudi naye nyumbani.”

Harlan aliinuka. Lile tabasamu la kumtazama mtoto lilikuwa limemtoka. Akachukua mkasi, akalikamata pindo, akakata juu, juu kabisa, kama alivyomkata mwanawe wa kumzaa, mpaka hewa baridi ikampiga Ardis kiunoni. Akaandika ARDIS kwa herufi kubwa, akachukua nyundo, akapigilia kipande pembeni mwa cha baba yake.

Ndipo Wendell akashindwa kujizuia.

“Njooo, mama! Njooo!”

Lo! Kibanda kizima kikaangua kicheko. Delmar akakilalia kiti. “Alitaka kumkama!” Harlan akapiga kelele, machozi yanamtoka. “Shemeji, kesho panda na ndoo! Ukikosa nyama, tupate hata maziwa!” Wakamsema, wakamwigiza, wakamchamba bila huruma, na hakuna aliyemwambia amejitahidi. Ardis naye alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kifua mbele, shati halina mgongo. Alijivuna, na hakuficha.

“Hovyo kabisa wewe,” Harlan alimwambia akijifuta macho. “Kesho alfajiri unarudi kwenye dungu lile lile, au umeogopa?”

“Niogope nini?”

“Na kahawa je?” Wendell akauliza. “Nani atachemsha?”

“Chemsha wewe,” Harlan akamjibu. “Ardis anawinda.”