Matufaha Hayana Miguu

Mis Nuhad Shidiak alikuwa amefundisha hesabu darasa la nne kwa miaka mingi katika shule ya masista, juu kabisa ya mji, ambako ukifungua dirisha unaliona bonde la Bekaa lote limetandaa chini yako. Alijulikana kwa mambo mawili: hakupandisha sauti darasani, na hakumpa mtoto maksi za huruma. Ukipata nne kwa ishirini, ni nne. Wazazi walimwogopa kidogo, na jambo hilo halikumkera.

Mwaka ule darasani mwake alikuwamo binti mmoja aitwaye Tarza Saliba. Baba yake alilima viazi bondeni, mama yake alishona nguo nyumbani. Tarza alileta nne, au tano, na siku akijaliwa sana, sita. Cha ajabu, ukimwandikia tarakimu tupu ubaoni alizijumlisha na kuzitoa kabla wenzake hawajashika kalamu. Lakini likija swali la maneno, la mtu kaenda sokoni kanunua hiki na kile, aliandika namba yoyote iliyomjia kichwani, akafunika daftari, akatazama nje. Nuhad alimwona mzembe, na siku ya wazazi alimwambia mama yake hivyo, binti mwenyewe akiwa amesimama pale pale.

Majira ya baridi Tarza aliteleza kwenye theluji uani akavunjika mkono wa kulia. Mtihani wa muhula ukamkuta mkono uko kwenye plasta. Sista Ojeni, mwalimu mkuu, akaagiza afanye kwa mdomo, saa ya wenzake kwenda nyumbani. Basi wakabaki wawili darasani, mwalimu na mwanafunzi, jiko la dizeli la kupasha joto likinguruma pembeni.

Shule ile, kama nyingi za nchi ile ya Waarabu iliyowahi kutawaliwa na Wafaransa, ilifundisha hesabu kwa Kifaransa. Kiarabu kilikuwa na kipindi chake, na uwanja wa kuchezea. Nuhad akasoma swali la kwanza kama lilivyoandikwa: Rima ana matufaha kumi na mawili, anampa kaka yake matano, je, mangapi yanabaki?

"Yote," akajibu Tarza.

"Yote vipi? Si kampa kaka yake?"

"Kampa, Mis. Lakini matufaha hayana miguu. Yanabaki tu."

Nuhad akamkazia macho akitafuta ufidhuli. Hakuuona. Binti alikuwa amekunja uso kwa kufikiri.

"Hilo neno, kubaki, umelisikia wapi?"

"Kwa Sista. Tukichafua foleni anatuambia tubaki mahali petu."

Nuhad akaweka karatasi chini. Kwa Kifaransa neno la kusalia na la kukaa mahali lilikuwa lile lile, na yeye hakuwahi hata siku moja kuwaza kwamba lingeweza kumpeleka mtoto kwingine. Akageukia Kiarabu, kile cha jikoni kwao.

"Haya, nisikilize, mwanangu. Una matufaha kumi na mawili. Ukimpa kaka yako Elyas matano, wewe unakuwa na mangapi?"

"Saba," akasema Tarza papo hapo. "Ila Elyas simpi matano. Mlafi yule."

Wakaumaliza mtihani wote hivyo. Binti alikosa mawili tu, na moja kati ya hayo hata watoto wa darasa la tano wangelikosa. Nuhad alimfunga skafu shingoni, akamsindikiza hadi getini kwa mama yake. Njia nzima ya kwenda nyumbani alikuwa akiwaona watoto wengine, mmoja mmoja, wa miaka mingi, walioandika namba yoyote wakatazama nje.

Kesho yake aliuliza darasa zima neno lile lina maana gani. Majibu yalikuwa ya kila rangi. Mmoja alisema ni kupumzika, mwingine akasema ni kuadhibiwa. Karlo, mtoto wa mfamasia, ambaye kwao wanaongea Kifaransa hata na paka, alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe unayecheka," akasema Nuhad, "njoo mbele uwaeleze wenzako. Kwa Kiarabu."

Karlo akasimama mbele, akababaika. Kumbe kueleza nako kuna kazi yake.

Tangu siku hiyo kila swali lilianza kwa Kiarabu. Watoto waliliigiza, huyu muuzaji, yule mnunuzi, vifutio vikawa ndimu. Wakishaelewa ndipo wanalisoma kwa Kifaransa, na maneno magumu yanaandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Darasa la Mis Nuhad, lililokuwa kimya kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu, likaanza kusikika mpaka kwenye ngazi.

Haikuchukua muda Mama Karlo akafika ofisini kwa Sista Ojeni, mkoba kwapani.

"Sista, tunawaleta hapa wapate Kifaransa. Kiarabu mwanangu anakipata bure kwa bibi yake."

Sista Ojeni alimsikiliza, akamtolea kahawa, asimwahidi kitu. Asubuhi iliyofuata aliingia darasa la nne bila kubisha, akaketi benchi la nyuma, magoti yakimgusa kidevu. Nuhad akaendelea kufundisha. Siku hiyo Tarza alikuwa muuza mayai, na mnunuzi wake alitaka kupunguziwa bei. Ugomvi wao ulikuwa mkali, hesabu yao ilikuwa sawa. Walipolisoma swali kwa Kifaransa, Tarza alijikwaa kwenye neno moja, akaangalia ukutani, akasonga mbele.

Kengele ilipolia Sista alimwita Nuhad kwenye korido.

"Umenificha jambo hili tangu Januari."

"Ndiyo, Sista."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Niliogopa utanikataza, na nisingetii."

Sista akatabasamu kidogo, akajiegemeza ukutani. "Mimi nilipokuwa wa umri wao, aliyeteleza akasema Kiarabu alivishwa kibao cha mti shingoni. Nilikivaa wiki nzima kwa sababu nilimwambia mwenzangu anipishe. Kifaransa nimejua, sikatai. Lakini hesabu nimekuja kuipenda nikiwa mtu mzima." Akajinyoosha. "Endelea mpaka Juni. Mwalimu wa Kifaransa nitamwambia maneno ya hesabu ayafundishe kwenye kipindi chake, mshikane mikono. Lakini mtihani wa Juni ni ule ule, Kifaransa kitupu. Wakianguka, Mama Karlo atakuja kwangu, na mimi nitamleta kwako."

"Mlete," akasema Nuhad.

Juni ikaja na joto lake, matunda ya miforosadi yakadondoka na kupaka uwanja rangi ya zambarau. Mtihani ulikuwa wa shule zote za shirika la masista wale, na wasahihishaji walitoka shule nyingine. Darasa la nne lilipanda kuliko lilivyowahi kupanda. Si wote, wavulana wawili walibaki chini, na Nuhad alikuwa ameshaanza kuwapangia mwaka ujao. Karlo alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Tarza alipata kumi na tatu.

Siku ya kuchukua matokeo Mama Karlo alimsalimia Nuhad kwa ukavu. "Bibi yake siku hizi anataka asomewe maswali kila jioni," akasema. "Eti ndiyo mara ya kwanza anajua mjukuu wake anasoma nini. Nyumba haina utulivu." Lakini alikuwa amemletea sahani ya biskuti za tende.

Akafika na Mama Elyas, mama yake Tarza, ameshika mkono wa binti. Nuhad akasimama.

"Yale niliyokuambia siku ile juu ya mtoto huyu hayakuwa kweli. Hakuwa mzembe. Sikumwelewa mimi."

"Mimi sikuyaamini, Mis," akasema Mama Elyas kwa upole. "Ila niliogopa kukwambia."

Wakacheka wote wawili. Tarza hakucheka. Alikuwa amekodolea macho karatasi yake ya mtihani.

"Mis, hili la saba wamenipa sifuri, na mimi njia yangu ni nzuri. Ilitakiwa niwe na kumi na nne."

Nuhad akavaa miwani. Wakainamia karatasi vichwa vikigusana, mwalimu akifuata mstari kwa kidole, mwanafunzi akitetea kila hatua kwa Kiarabu na Kifaransa vikiwa vimechanganyika, mpaka walipofika mahali alipozidisha vibaya.

"Ah," akasema Tarza.

"Kumi na tatu," akasema Nuhad, akavua miwani, akamsogezea sahani ya biskuti.