Mbegu Mia Moja Kwenye Gunia Bichi

Tovuti ya Alionzi ilikuwa haiuzi. Kwa miezi miwili ilifunguliwa na watu elfu moja na mia mbili, walionunua walikuwa tisa, na katika hao tisa hakuna hata mmoja aliyerudi kununua mara ya pili.

Duka lake la mbegu liko Arua, kwenye barabara iendayo Koboko. Alitaka tovuti ili mkulima wa mbali aagize kwa simu, alipe kwa simu, mzigo umfuate kwa bodaboda, asipoteze nauli ya kuja mjini kwa ajili ya kilo tano. Wazo lilikuwa zuri. Aliyeitengeneza ni binti aitwaye Shakira, mwenye kichumba cha kompyuta karibu na soko, na kazi yake aliijua. Aliweka picha ya mkulima mnene wa nchi za mbali anayecheka katikati ya mahindi, nyota tano za rangi ya dhahabu, na maneno kwamba wateja elfu tatu wamefurahi. Alionzi alipouliza hao elfu tatu ni akina nani, Shakira alimwambia tovuti zote ziko hivyo, hata za Kampala. Naye akakubali. Aliacha shule darasa la tano, na kwenye mambo ya kompyuta alishazoea kuitikia tu.

Sasa Shakira alikuwa na dawa nyingine. Alizungumzia punguzo la bei, saa ya kuhesabu kurudi nyuma ili mteja aingiwe na wasiwasi, na ujumbe wa kuwaamsha watu kila asubuhi. Alionzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema anakwenda Koboko kuwauliza waliokwisha kununua.

Huko alikuwa na sababu ya kuogopa. Mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa kikundi cha akina mama kumi na wawili wa Ludara, kijiji cha huko huko Koboko, kilo sitini za maharage, na kiongozi wao ni Pasca, dada mkubwa wa mke wake. Mwanamume aliyewadanganya wakwe zake hana pa kuketi tena kwenye boma lile.

Pasca hakumkaribisha kiti. Alimpeleka moja kwa moja shambani. Mistari ya maharage ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno: jani hapa, hatua tatu za udongo mtupu, jani lingine kule. Wenzake Pasca waliacha majembe, wakaja kumtazama shemeji anavyotazama.

"Shemeji," Pasca akasema, "kwa simu yako iko nyota tano. Sisi tulipanda hiyo nyota. Haikuota."

Mwanamke mmoja akasema labda yule mnene wa kwenye picha alikuwa anawacheka wao. Wakacheka wote, na Alionzi akakosa pa kuweka mikono yake. Alijaribu kusingizia mvua. Pasca akamwonyesha kwa kidevu shamba la jirani: maharage ya kienyeji, mvua ile ile, na mistari imejaa.

"Ulipima hii mbegu, ama ulituletea tu?"

Swali hilo lilimwingia. Mama yake, kule Aroi, hakuwahi kupanda mbegu bila kuipima. Alihesabu mia moja, akazipanga juu ya gunia bichi, akalikunja, akalinyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tano alilikunjua na kuhesabu zilizoota. Alionzi mwenyewe alianza biashara hivyo. Aliacha pale mbegu zilipoanza kuja kwenye mifuko ya karatasi iliyochapishwa, zimepakwa dawa ya rangi ya waridi. Wauzaji wengi wa Arua waliacha pia. Nani angepima kitu kilichokwisha kuchapishwa?

"Sikupima," akasema.

Pasca alimwambia kwamba maneno hayo ndiyo ya kwanza ya kweli kuyasikia kutoka kwenye duka lile, na kwamba asirudi Ludara mikono mitupu.

Alirudi Arua siku hiyo hiyo, akakata magunia manne, akapanga mbegu nyuma ya duka. Siku ya tano mahindi yalikuwa themanini na nane kwa mia. Ufuta, tisini na moja. Karanga, themanini. Maharage yalikuwa arobaini na moja, na mengine yalikuwa yameshaanza kunuka.

Alimwita Shakira na kumwambia aondoe yule mnene, aondoe nyota, aondoe wateja elfu tatu. Mahali pao aweke picha za magunia haya manne, na chini ya kila gunia namba yake. Shakira alimtazama kama mtu aliyepigwa na jua.

"Mzee, nani anaweka ubovu yake kwa mlango?"

"Mimi."

Binti alibishana naye nusu saa nzima. Alisema watu watakimbia. Alionzi akajibu kwamba wameshakimbia, sasa anataka wajue anapokaa, mwenye lalamiko amfikie. Mwishowe Shakira alifungua kompyuta yake, na alipoanza kazi akili ikamchemka kuliko ya mwenye duka. Ni yeye aliyesema picha zibadilike kila Ijumaa, gunia jipya, namba mpya, ili mtu awe na kitu cha kurudia kuangalia hata kama hanunui. Ni yeye aliyetia kisanduku ambamo mkulima anaandika mwenyewe ngapi zimeota shambani kwake, na jibu linabaki pale, liwe tamu au chungu. Juu ya maharage akaandika: Haya hatuuzi. Uliyenunua, tupigie.

Jumatatu Hamuza alikuja. Hamuza ndiye mwenye ghala la jumla linalouzia maduka ya mjini, na Alionzi alikuwa wakala wake kwa miaka kumi na mmoja. Mbegu, majembe, mabomba ya dawa, karibu kila kitu dukani kilitoka kwake kwa mkopo wa mwezi. Hakuja na hasira. Aliketi juu ya gunia la mahindi, akaulizia afya ya nyumbani, akaipokea chai, akainywa yote. Kisha akatoa simu mfukoni na kuiweka juu ya meza, picha ya maharage ikiwa wazi.

"Arua yote inauza hii maharage. Ni wewe tu unapiga kelele."

"Jina yako sikuandika. Niliandika arobaini na moja."

"Toa hiyo."

"Leta mbegu inaota, nitaandika tisini. Hata kesho."

Hamuza akatabasamu kidogo. "Alionzi, wewe hapana soma. Hii biashara iko na watu walisoma. Wacha wao wapime."

"Nilifika mpaka kuhesabu mia," Alionzi akasema. "Hapa haitakiwi zaidi."

Hamuza alisimama, akapangusa suruali, akasema lori litapita asubuhi kuchukua mali yake. Shakira, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinong'ona kwamba ile picha anaweza kuishusha sasa hivi, wiki mbili tu, hadi mambo yapoe. Alionzi hakugeuka. Alimwambia aikuze.

Lori lilikuja. Wapakiaji walitoa mpaka mabomba yaliyokuwa yametundikwa ukutani. Alionzi alikwenda Aroi, akanunua maharage ya kienyeji kwa pesa taslimu, akayapima, yakatoka tisini na tatu, akampelekea kila aliyeuziwa mabovu kilo kwa kilo. Pasca aliyapima tena mbele yake, kwa gunia lake mwenyewe. Siku ya tano akaingia kwenye kisanduku cha tovuti, akaandika: tisini na mbili, shemeji aliongeza moja. Kisha akaagiza mahindi. Hadi Desemba walionunua walikuwa thelathini na wanne, na kumi na tisa kati yao walikuwa wamerudi.

Hamuza hakurudi. Salamu nazo ziliisha. Wakikutana sokoni, mmoja huvuka barabara.

Gharama yake ilikuwa hii: kilo themanini na mbili za maharage zilizolipwa upya. Pikipiki moja, iliyouzwa ili kuyanunua. Uwakala wa miaka kumi na mmoja. Rafu sita tupu kati ya tisa. Na kule Ludara, mashamba manne ambayo mbegu nzuri iliyafikia mvua ikiwa imeshapita, nayo hayakuvunwa kitu mwaka ule.