Sifuri Tatu za Ereng

Mutua alipigwa risasi saa mbili na dakika tano asubuhi, nikiwa naita register ya darasa la sita. Dakika naijua kwa sababu mimi ni mtu wa saa. Majambazi tisa, wale wezi wa mifugo tuliowaita ngoroko, waliingia katika uwanja wa shule yetu pale Kakuma wakitembea taratibu, kama wazazi waliokuja kuuliza habari za watoto. Walitaka unga wa stoo. Mutua alikuwa mwalimu mkuu wetu, Mkamba mfupi aliyeweza kubishana hata na ukuta, na ufunguo wa stoo alikuwa ameuvaa shingoni. Akawaambia unga ni wa watoto. Yule wa mbele akampiga kitako cha bunduki mdomoni, meno yakamwagika kifuani, na mjinga yule, rafiki yangu yule, akasema tena kwa mdomo uliojaa damu kwamba unga ni wa watoto. Wakampiga risasi mbili za tumbo na kuukata ule uzi wa ufunguo.

Ereng ndiye aliyevua shati akamfunga nalo tumbo. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, Mturkana pekee kati yetu walimu sita. Mutua alichukua saa nne kufa, na muda wote huo Ereng alikuwa amemkandamiza matumbo kwa viganja viwili huku akimwimbia nyimbo za watoto wa darasa la kwanza, kwa sababu nyingine hazikumjia. Mimi nilitapika.

"Yule mkubwa wao amesema kitu wakati wanaondoka," Ereng aliniambia baadaye, akinawa damu. "Amesema lori lingine la unga likija, na wao watakuja."

Basi tukafunga shule. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na saba. Mimi, Opondo, nilikuwa katibu wa tawi la chama cha walimu, na mwenyekiti wetu alikuwa Losike, jitu la miraba minne lililofundisha Lodwar. Tuliandika dai moja tu, tena fupi: askari wawili wenye bunduki wakae katika shule ya Kakuma, mchana na usiku, iwekwe katika mkataba na itiwe sahihi. La sivyo hakuna mwalimu atakayeshika chaki Turkana nzima. Mwalimu yeyote atakayeifungua shule ile bila bunduki mlangoni ni maiti, na kila mtu alilijua hilo, hata waliojifanya hawajui.

Tulikutana Lodwar, walimu arobaini na watatu, chini ya miti ya mikoma kando ya mto Turkwel. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wa maisha yangu. Nilifungua register ya mgomo. Msicheke. Mtu aliyeita majina kila asubuhi kwa miaka kumi na moja hawezi kuona kundi la watu limekaa kwenye mistari akaacha kuita majina. Nilipiga mistari kwa rula, wino mweusi wa waliopo, wino mwekundu wa wasiopo. Saa mbili kamili nikaita. Walimu nao, kwa kuwa ni walimu, walisimama wakaitika vizuri, na baadhi yao walifurahi kabisa.

Ereng alifika saa mbili na dakika ishirini. Alikuwa amevuka mto tangu alfajiri kwenda kwa mjomba wake kuomba maziwa ya ngamia, maana watu wetu hawakuwa na chakula. Alibeba vibuyu viwili vikubwa na jasho lilikuwa linamchuruzika.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Opondo, nimebeba maziwa."

"Mgomo ni nidhamu, bwana. Tunagoma kwa ajili yako, halafu wewe ndiye unayechelewa?"

Nikamwandikia sifuri, kwa wino mwekundu. Siku ya pili akachelewa tena na vibuyu vyake, nikamwandikia sifuri. Siku ya tatu tukarushiana maneno, sisi wawili tu. Akaniita karani wa mkoloni, damu ikanichemka, nikamchorea sifuri kubwa kuliko zile mbili. Kisha nikanywa kikombe changu cha maziwa, nikaongeza cha pili.

Mchana wa siku hiyo ya tatu tuliitwa kwenye mazungumzo. Afisa wa elimu alikuwa mtu wa kutoka kusini, amevaa suti ya Kaunda, na kando yake aliketi inspekta wa polisi anayejichokonoa meno. Losike alizungumza vizuri, kwa upole, akaeleza habari za Mutua mpaka karani wa afisa akainamisha kichwa.

"Sawa," afisa akasema. "Lakini nasikia huu mgomo ni wa watu wanne wenye vichwa vikubwa. Wengine wote wako likizo, wameugua, wamefiwa. Kwa nini nikae mezani na watu wanne?"

Losike alinikanyaga mguu chini ya meza. Alijua ninachotaka kufanya. Lakini mimi nilikuwa nimeshaguswa pabaya, nikaitoa register mkobani na kuipiga juu ya meza ile mpaka kalamu zikaruka.

"Arobaini na wawili!" nikasema. "Wasome mwenyewe!"

Afisa akafungua, akasoma polepole, akageuza ukurasa. "Mwandiko mzuri," akasema. Halafu akampa inspekta.

Walitutoa nje, na chini ya mikoma tukawakuta polisi wa rungu wamewazunguka wenzetu. Inspekta akapanda juu ya jiwe na register yangu mkononi, akaita jina la kwanza kama nilivyoliandika.

"Barasa!"

"Present, sir!" Barasa akaitika. Aliitika, Mungu wangu! Mdomo wake ulikuwa umezoea. Rungu likampata sikioni akaanguka kama gunia, na wawili wakamalizia mbavu zake kwa buti.

Ungetegemea wa pili anyamaze. Wapi! "Chepkemoi!" "Present!" Wakamvunja mkono wa kulia, nikausikia ukivunjika. Jina kwa jina waliitika, wengine wakilia, wengine kwa hasira, na kila aliyeitika alipigwa mpaka akalala. Losike aliwaangusha askari watatu kabla hawajamfungua kichwa kwa kitako cha bunduki. Mimi walinivunja pua na vidole viwili vya mguu, nikalala na mchanga mdomoni nikiendelea kusikia mwandiko wangu ukisomwa.

"Ereng," inspekta akasema. "Sifuri, sifuri, sifuri. Huyu hakugoma. Hebu simama kando, mwalimu. Serikali inakushukuru."

"Nilikuwepo!" Ereng akapiga kelele. "Siku zote tatu nilikuwepo! Muulizeni Opondo!"

Inspekta akaja akaniinua kwa sikio. "Bwana katibu. Register yako ni ya kweli, au ni ya uongo?"

Ereng alikuwa ananitazama, hatua tano tu. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo, na sote tuliokuwa chini tulikuwa tunavuja damu. Nikajiambia, mwache angalau mmoja apone. Hiyo ni nusu ya ukweli, na kwa miaka mingi nimejaribu kuifanya iwe ukweli wote. Nusu ya pili ni kwamba afisa alikuwa amesimama pale, yule aliyesifu mwandiko wangu, na sikutaka kutamka mbele yake kwamba mimi huandika uongo.

"Ni ya kweli," nikasema.

Losike alikuwa amelala karibu nami, jicho moja limefungwa kwa damu. Kwa lile jingine alimtazama Ereng, na niliona jinsi alivyomtazama. Kila asubuhi Ereng alifika walimu wakiwa wameshatawanyika kuchota maji au kulala, na akishayaacha maziwa alivuka mto tena kwa mjomba wake. Waliyaona maziwa tu, hawakujua nani aliyaleta saa ngapi. Register ilipowaambia kwamba hakuwa pamoja nao, wakaamini register.

Kesho yake asubuhi Ereng alikuja kwenye dirisha la selo ya polisi walimotufungia. Askari alimruhusu kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa serikali.

"Wameniambia nipande lori la Kakuma," akasema. "Nikafungue shule. Lori lenyewe limebeba unga, Opondo. Magunia arobaini ya unga."

"Na askari?"

"Hakuna askari. Nikikataa, wananifuta kazi, na mama yangu na wadogo zangu wanakula mshahara wangu. Waambie tu. Waambie nilikuwepo, wanitie humo ndani na nyinyi. Nitapigwa, nitapona."

Nyuma yangu walimu walikuwa wameanza kumtukana. Msaliti. Mbwa wa serikali. Chepkemoi, na mkono wake umefungwa kwa kitambaa cha kichwa, alimtemea mate kupitia nondo. Kama ningesema wakati ule, ningesema mbele yao wote kwamba waliyekuwa wanamtukana ndiye aliyewanywesha maziwa, na kwamba jana nilikuwa nimedanganya. Nilikuwa na pua iliyovunjika na nilitaka kubaki na heshima yangu iliyobaki.

"Nenda, bwana," nikamwambia. "Umepata bahati, usiichezee. Fungua shule siku mbili tatu, sisi tutawabana huku mpaka askari waje."

Alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, halafu akaziachia na kwenda.

Ngoroko walikuja siku ya tatu baada ya lori. Dereva aliyempeleka Ereng, na ndiye aliyeurudisha mwili wake, alitusimulia. Ereng hakuwa kama Mutua. Alikuwa ameuacha ufunguo ukining'inia kwenye mlango wa stoo tangu siku ya kwanza, waje wachukue waende. Wakachukua. Lakini yule mkubwa wao alimkumbuka, akasema huyu ni wa huku huku, anajua nyuso zetu na anajua tunakotoka. Wakamvuta nje ya darasa la kwanza. Ereng alivaa kisu cha mkononi, kile cha duara wanachovaa wanaume wa Kiturkana, na aliwahi kuuvua ule ukanda wa ngozi unaofunika makali. Alimpasua mmoja wao uso kuanzia jicho mpaka kidevu. Baada ya hapo walimpiga risasi za miguu ili asikimbie, wakamkata kwa panga bila haraka, na watoto wa darasa la kwanza walikuwa madirishani.

Walimu wawili katika mwezi mmoja ilikuwa aibu kubwa mno kufichwa. Simu zilipigwa kutoka Nairobi. Sisi tukatolewa selo tukiwa tunanuka, tukaoshwa nyuso, tukawekwa mezani na afisa yule yule, na safari hii alituagizia chai. Mkataba ulikuwa umeshapigwa taipu: askari wawili wenye bunduki, Kakuma, mchana na usiku, waliogoma wanasamehewa wote na kurudi kazini.

"Marehemu anazikwa saa kumi leo, kwa mama yake pale Nawoitorong," afisa akasema. "Ni vizuri chama kipeleke watu."

"Yule?" Losike akasema. Kichwa chake kilikuwa kimeshonwa nyuzi kumi na tano. "Yule alivunja mgomo. Chama hakizikani na wasaliti. Katibu, tia sahihi."

Nilitia sahihi. Nilikuwa na nafasi nyingine pale, nafasi safi kabisa, maana tulikuwa tumeshashinda na hakuna rungu lililokuwa juu ya kichwa changu. Nikatia sahihi, tukatoka nje, watu wakambeba Losike juu juu wakiimba. Saa kumi ilinikuta naimba.

Kesho yake nilikwenda Nawoitorong na kilo mbili za sukari. Mama yake Ereng, Akuwam, alikuwa ameketi nje kando ya udongo mbichi, fimbo ya mbuzi mapajani.

"Ejok, mama," nikamsalimu.

"Ejok. Opondo, walimu iko wapi?" Hakuniangalia. "Mtoto yangu amefundisha miaka nane. Jana nimezika na majirani wanne. Mwalimu hata moja hakuja. Hata moja. Alifanya nini?"

Ningeweza kumwambia tulikuwa selo. Angeamini. Nilifungua kinywa niseme hivyo, na kilichotoka ni yale mengine. Nilimwambia yote, kuanzia dakika ishirini. Nilimwambia habari za wino mwekundu, za inspekta, za dirisha la selo.

"Na ile maziwa," akasema mwishoni. "Alichukua kwa ndugu yangu. Ilikuwa ya nyinyi?"

"Ilikuwa yetu, mama."

"Wewe ulikunywa?"

"Nilikunywa. Vikombe viwili."

Akasimama akanipiga ile fimbo usoni. Pua yangu ilivunjika upya, nikapiga magoti, na yeye akaendelea: mgongoni, shingoni, kichwani, akilia kwa sauti ambayo ilileta watu mbio kutoka nyumba za jirani. Hakuna aliyemshika. Sikuinua mkono kujikinga, na wala sijisifu kwa hilo, maana kila fimbo ilikuwa nafuu kwangu na nilitaka aendelee. Aliona. Nadhani ndiyo sababu aliacha.

"Hapana," akasema, akihema. "Wewe nataka nipige mpaka uchungu yangu iishe. Haiwezi kuisha. Simama. Enda kwa walimu, nyumba kwa nyumba, uambie kila mtu kwa mdomo yako. Kila mtu peke yake. Na uende hivyo na hiyo damu."

Nilimwachia sukari mchangani nikaenda. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Barasa. Alinifungulia mlango akiwa ameshika mbavu zake, akaniketisha, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango kwa ndani na kuvua shati, ngumi zake zikiwa zimeshakunjwa.