Chupa Namba Kumi na Saba

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisaga magome ya mzizi uleule, na ulimi wake uliujua kuliko ulivyoijua chumvi ya jikoni kwake. Kazini walimwita Mama Mizizi. Anapima magome makavu, anayasaga, anayaloweka kwenye spiriti siku tatu, anayachuja, kisha anauacha mtambo uikaushe ile spiriti taratibu mpaka inabaki poda ya kahawia isiyojaza hata kijiko. Mwishoni anachovya ncha ya kidole na kuonja. Kuonja kulikatazwa. Tangazo la katazo lilikuwa juu ya sinki, na aliyelibandika ni yeye mwenyewe. Lakini mpishi gani asiyeonja? Uchungu ukimfumba macho, alijua kazi imekwenda sawa.

Kilichokuwamo kwenye magome hayo kiliwafanya panya wa maabara waliozoeshwa unga, ule wa kulevya, wauache. Panya aliyekuwa akibonyeza kitufe mara mia kwa siku ili apate chake, akipewa ile poda alikisahau kitufe, akarudia kula na kujilamba manyoya. Mama Mizizi aliwatazama panya wale na kuwaonea wivu, maana nyumbani alikuwa na mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, na nasema fundi, si hawa wa kubahatisha. Unga ulimnasa akiwa na miaka ishirini na tisa. Ukala mkasi, ukala pasi, ukala cherehani yenyewe, halafu ukahamia kwenye sufuria za dada yake. Majirani wakatoa hukumu: sikio la kufa halisikii dawa. Walisema hivyo huku wamevaa suruali alizowashonea yeye.

Ndipo Daktari, mkuu wa maabara, alipopata kibali cha kuijaribu dawa kwa watu ishirini na wanne. Mama Mizizi alimwombea mdogo wake nafasi, akapewa namba kumi na saba. Daktari alimwita ofisini.

"Ukishanikabidhi poda, habari ya chupa si yako tena. Nusu watakunywa dawa, nusu watakunywa dawa hewa, maji yaliyotiwa rangi tu. Nani kapata ipi mimi sijui, nesi hajui, na wewe usijue. Anajua mfamasia peke yake, na karatasi kaifungia kwenye sefu."

"Hata kwa mdogo wangu, Daktari?"

"Hasa kwa mdogo wako."

Kila asubuhi wale watu walijipanga dirishani kwa nesi, kila mmoja akanywa vijiko viwili kutoka kwenye chupa yenye namba yake. Wiki ya pili mdogo wake alianza kumaliza sahani. Wiki ya nne aliomba sindano na uzi, akamfupishia dada yake pazia la sebuleni, na mshono ukanyooka kama zamani. Mama Mizizi aliingia bafuni, akafungulia bomba ili asisikike akilia. Alikuwa na furaha mpaka inamuuma kifua.

Wiki ya tano, wakiwa mezani, mdogo wake akaanza utani.

"Dada, dawa yenu tamu bwana! Kama ile ya kikohozi tuliyokuwa tunaiba kabatini kwa mama."

Dada mtu akalirudisha tonge sahanini. "Tamu?"

"Tamu kabisa. Wenzangu wengine wanakunja sura. Yule dereva wa lori, namba tisa, anatema mate mpaka getini. Mimi nalamba kijiko."

Mama Mizizi hakula tena. Uchungu wa mzizi ule alishajaribu kuuosha kwa sukari, kwa maziwa, hata kwa kipande cha ndimu, na haukutoka. Kama chupa ya mdogo wake ilikuwa tamu, basi mdogo wake alikuwa akinywa maji ya rangi. Amesimama kwa moyo wake tu, na moyo huchoka. Ile dawa aliyoitolea jasho kwa miaka kumi na moja alikuwa akiinywa dereva asiyemjua, tena akiitema! Damu nzito kuliko maji, akajiambia, kama wanavyojiambia wote wanaokaribia kufanya jambo la kijinga.

Kesho yake mchana nesi alikwenda kula. Ufunguo wa chumba cha chupa Mama Mizizi alikuwa nao, kwa sababu friji ya sampuli ilikuwa humohumo. Alionja kwanza. Namba kumi na saba: sukari. Namba tisa: uchungu uliomfunga taya. Ulikuwa tofauti kidogo na aliouzoea, ulikaa nyuma ya ulimi badala ya mbele, lakini mtu aliyekwisha kuamua haonji, anajithibitishia tu. Akachemsha birika, akazibandua lebo mbili kwa mvuke, akazibadilisha. Hazikupita dakika tano.

"Dada, leo imekuwa chungu," mdogo wake alisema jioni.

"Dawa ndivyo zilivyo. Usimwambie nesi, watakutoa."

Hakumwambia nesi. Alimwamini dada yake kama alivyomwamini tangu alipomfundisha kufunga kamba za viatu.

Wiki ya saba alianza kutokwa jasho na kurusha miguu akiwa amelala. Macho yalimtoka maji, akawa anapiga miayo mchana kutwa. "Vumilia," dada yake alimwambia akimkanda mgongo. "Ndiyo inafanya kazi hiyo." Akavumilia siku tisa. Siku ya kumi alitoka kununua uzi, akarudi baada ya siku mbili bila shati wala viatu. Hata siku hizo mbili hakukosa foleni ya asubuhi. Alijikongoja mpaka dirishani, akanywa vijiko vyake viwili vya uchungu na kusema ahsante. Dereva wa lori, mbele yake kwenye foleni, alikuwa ameanza kunenepa.

Jaribio lilipokwisha wafanyakazi wote waliitwa kwenye chumba cha mkutano. Mfamasia alileta karatasi kutoka kwenye sefu, na kabla ya kuikabidhi hakuweza kujizuia kujisifu kidogo.

"Nilijua humu ndani kuna watu wenye ndimi," alisema, akimkonyeza Mama Mizizi. "Dawa yenyewe nikaufunika uchungu wake. Miezi minne nimehangaika nayo, mpaka ikawa tamu. Dawa hewa nikaitia uchungu wa mti mwingine. Haya, nani angebaini?"

Watu wakacheka. Mama Mizizi naye alicheka, maana uso wake haukujua la kufanya jingine.

Daktari hakucheka. Alisoma namba moja baada ya nyingine, akavua miwani. "Mpaka wiki ya tano tofauti ilionekana wazi. Baada ya hapo namba kumi na saba, aliyekuwa kwenye dawa, akaanguka. Namba tisa, wa dawa hewa, akainuka. Watu wawili tu, lakini kwa idadi ndogo kama yetu wameifuta tofauti yote. Wafadhili wamejitoa. Kuna mwenye la kusema?"

Alikuwapo. Alijua kwamba akisema, lebo zilizoguswa zingelifanya jaribio zima kuwa takataka, naye angetoka pale akiwa hana kazi, pengine yuko mikononi mwa polisi. Asiposema, dawa imekufa vilevile. Aliangalia viatu vyake mpaka Daktari alipofunga faili.

Kanuni zilitaka dawa yote iliyobaki iteketezwe siku hiyohiyo mbele ya mashahidi. Aliyepewa kazi hiyo ni Mama Mizizi. Nesi na mfamasia walisimama pembeni, wakatia sahihi kwamba hakikubaki hata kijiko.

Nyumbani alimkuta mdogo wake amekaa sakafuni kwenye chumba cha nyuma. Nguo zake chache alikuwa amezijaza kwenye foronya ya mto na kuifunga fundo.

"Naondoka, dada, kabla sijauza na kitanda chako. Nesi kaniambia mmefunga." Alizungumza polepole, akijikuna mikono. "Miaka kumi na moja umeitengeneza dawa. Ukanitafutia nafasi, nikainywa kila siku, sikuruka hata moja. Dereva kapona, mimi nikarudia. Zamani nilikuwa nasema ni unga. Sasa nimejijua, si unga. Dawa nilikuwa nayo mdomoni na bado nikaenda. Ni mimi, dada. Mimi ndiye sifai."

Mama Mizizi alikaa chini mbele yake. Maneno aliyotakiwa kusema hayakuwa mengi.

"Nisamehe," mdogo wake akasema. "Nimekuangusha."

Dada yake akafungua mdomo. Mdogo wake alikuwa akimtazama, anangoja, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Nimekusamehe," akasema.