Maana Niliyompa Mama Joan

Haya ni kweli tupu, niko tayari kuapa mbele ya chifu. Mimi ni mstaafu wa ghala la shule hapa Sirisia. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi niliyoimeza kuanzia A hadi Z kwa miezi miwili nikichunga ng'ombe ishirini. Haya basi, ng'ombe walikuwa wawili. Lakini watu huniletea barua na simu zao niwasomee.

Asubuhi moja alikuja jirani yangu Lenah. Mume wake alizikwa haraka haraka wakati wa korona, na binti yao wa pekee, Joan, anayefanya kazi ya ofisi Kitale, alifika kesho yake akakuta udongo tu. Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani. Sasa Lenah alitaka kumfanyia marehemu makumbusho, ile ibada ya kumkumbuka, akamwomba Joan achague siku. Jibu lilikuja kwa Kiingereza: *I am indifferent.*

Neno hilo nalijua. Halina hasira wala chuki. Mwambie mwenye nalo kwamba nyumba imejengwa au imeungua, ataendelea kukoroga chai yake. Wasomi hulitumia kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango polepole.

Lakini Lenah alikuwa ananitazama mdomoni. Nikamwambia, "Anasema moyo wake umetulia. Siku yoyote utakayosema, atakuja."

"Neno moja limebeba hayo yote, Baba Wabwile?"

"Kiingereza kina mgongo, Mama Joan."

Akapanga Jumamosi. Akachinja kuku wake wa pekee aliyekuwa anataga, maana binti akirudi kwao hapokelewi kwa mboga. Akina mama wa kanisa wakajaa uani. Saa nane ikapita, saa kumi ikapita. Lenah akapiga simu, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Joan aliongea kwa upole kabisa: hakuahidi kuja, jibu lake alishatuma, na sasa ana wageni. Akatutakia siku njema.

Lenah akanigeukia. "Simama, Baba Wabwile. Nipe maana ya lile neno, na leo usiongeze chumvi."

Nikasimama mbele ya wote. "Maana yake hajali. Ufanye, usifanye, kwake ni sawa tu."

"Amekasirika?"

"Hapana. Hata hasira hana."

Akaketi. Akasema hasira angeiweza, angeifuata Kitale kwa magoti akaiomba msamaha. Sasa afuate nini?

Chelagat, mwenyekiti wa akina mama, akaniamuru nilipe kuku wa watu. Sikubisha. Nilikwenda kwangu, nikamfunga miguu mtetea wangu mweupe, nikamleta kwa mikono miwili, na maneno ya kuomba radhi nimeyapanga kichwani.

Lenah hakugeuka. "Weka hapo tu," akasema, akaendelea kuosha sahani.