Mlinzi Asiye na Macho Kichwani mwa Bi Mashavu

Ehe, wewe unayesoma, umewahi kurudia udhu mpaka sala yenyewe ikakupita? Bi Mashavu ndiyo kazi yake, mche wa sabuni haumfikishi adhuhuri. Mjukuu wake leo ana siku arobaini, na bibi hajamgusa, anaogopa kumtia uchafu. Daktari alimpa vidonge na zoezi: shika, usinawe, ngoja hofu ichoke yenyewe. Bibi akamsonya. Basi baada ya chakula cha mchana anajinyoosha mkekani, vidole vimechubuka vinamwaka, usingizi unamchukua, na mkeka unageuka barabara. Barabara inazunguka, inapita mji wa vioo, kila kioo kina Bi Mashavu ameinamia ndoo, inamrudisha pale pale, penye lango lililo wazi. Langoni kakaa mlinzi asiye na uso, anapiga kengele: Chafu! Ananawa, barabara inamrudisha: Chafu! Ananawa tena, anarudi, Chafu! Anachoka, anauliza: Kwani umeona nini? Nione kwa macho gani, bibi? Basi unapigia nini? Napiga kwa kuwa nilipiga. Na lango mbona halifungwi? Bawaba imeshika kutu. Habari inatoka kwangu, hapa mbele ya kichwa chako, inashuka ndani, huko ingezuiwa na lango, haizuiwi, inanirudia mimi, nami napiga. Bi Mashavu anampandisha na kumshusha kwa macho. Kumbe huyu ndiye aliyenitawala miaka kumi na tisa! Mimi nadhani ni dini, nadhani ni usafi, kumbe bawaba! We kibwengo, huna hata pua ya kunusia huo uchafu, piga! Piga mpaka mkono ukukatike!

Anakaa chini, anajipaka vumbi viganjani, hanawi. Kengele inalia, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, anayatamani maji kama mwenye kiu. Anakaa tu. Kengele inalia, inalia, inafifia, mlinzi anapiga miayo. Juu ya bawaba linadondoka tone la mafuta, jeupe kama kidonge, na lango linasogea kujifunga, robo tu, lakini linasogea.

Anafumbua macho. Huu ni mkeka, au bado ni barabara? Viganja vina vumbi kweli, na kwa mbali kengele inalia, au ni bomba la uani linadondoka. Binti yake Saumu anapita na mtoto, anauzunguka mkeka kwa mbali kama alivyozoea. Mama, maji yako nimeshayateka.

Yamwage, anasema Bi Mashavu. Nipe mjukuu wangu nimpakate.